Muswada wa watoto, sina wakala: nianzie Dar, Nairobi, kwenye tuzo au mtandaoni?

MamaZuhura
Habari za jioni wakuu. Nina hadithi ya watoto wa darasa la kwanza na la pili, maneno kama 700. Bibi anamwambia mjukuu, "Nenda kwa mama Asha ukaniazimie mbuzi," maana ana nazi ya kukuna. Mtoto anarudi anakokota beberu kwa kamba. Niliwasomea wanafunzi wangu hapa Tanga, wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia dirishani. Naona njia nne: wachapishaji wa Dar, wa Nairobi, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya waandishi, au African Storybook, ile maktaba ya hadithi mtandaoni. Wakala wa kunipelekea muswada kwa wachapishaji sina na wala sijui anapatikana wapi. Aliyepita huko anisaidie.

Kalamu_Butu
Dada, la wakala lifute kabisa. Hayo ni mambo ya London na New York, ambako wachapishaji wakubwa wengi hawapokei muswada mpaka upitie kwake. Huku unaandika mwenyewe. Ila kabla ya kutuma ingia duka la vitabu, fungua vitabu vyao vya watoto, uone wanapenda nini. Mwenye kuishi kwa vitabu vya kiada si sawa na Mkuki na Nyota, wanaotoa na hadithi za kusomwa nyumbani.

Barua iwe fupi: umri wa msomaji, idadi ya maneno, hadithi kwa mistari mitatu. Usitafute mchoraji, kwa kawaida mchapishaji ana wake. Na usitoe nakala yako pekee! Mimi nilipeleka wangu kwa mkono, mahali sitapataja, nikaambiwa "tutakupigia". Miezi 14. Kumbe mhariri aliyeupokea alishahama na muswada umelala kwenye droo yake.

Halafu kunja karatasi za A4 utengeneze kijitabu, ugawe maneno yako ukurasa kwa ukurasa. Hiyo usiitume, ni yako.

Mkilifi
Upande wa Kenya nikwambie ukweli, soko ni shule. Kitabu kikipita KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kikaingia kwenye orodha ya vilivyoidhinishwa, kinaweza kuuzwa miaka na miaka. Kwa hiyo mhariri atakuuliza ni cha gredi gani, kinafunza nini, mazoezi yako wapi. Hadithi yangu ilirudi imeandikwa kwa penseli pembeni: "Toa kifuu, weka kikombe." Mtoto wa hadithi yangu alikuwa akichota maji kwa kifuu cha nazi, na hadithi nzima ni hicho kifuu! Sasa wewe na mbuzi yako ya nazi, jiandae kuelezana na mtu aliyekulia bara.

Ticha_Moro
Mimi ningeanza na tuzo. Inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hadithi za watoto zimo, mshindi wa kwanza amekuwa akipata shilingi milioni 10, na serikali inachapisha miswada iliyoshinda. Hakuna mchapishaji wa kukupa hizo kwa maneno 700. Ubaya wake ni kwamba dirisha linafunguliwa kwa msimu, na usiposhinda hupati mhariri wa kukaa nawe.

Nyuki
African Storybook naipenda, naitumia darasani. Ilianza 2014, iko chini ya Saide ya Afrika Kusini, na kitabu chako kitasomwa hadi Uganda. Lakini leseni ni huria: yeyote anatafsiri, anabadilisha, anachapa, wewe hupati senti, na ukishaweka hurudi nyuma. Kwa hiyo iwe ya mwisho, si ya kwanza, maana mchapishaji na tuzo wote wanataka kitu ambacho hakijatoka. Isitoshe, utani wako hautafsiriki. Kwa Kiganda atabaki beberu tu, mbuzi ya bibi imepotea.

MamaZuhura
Nyuki umenichekesha na umenitisha. Na mrabaha, yaani fungu langu kwa kila nakala, je?

Kalamu_Butu
Asilimia 10 utaisikia sana. Uliza asilimia 10 ya nini. Kitabu cha shilingi 5,000, kwa bei ya jalada unapata 500. Kama duka lilipunguziwa asilimia 40, mchapishaji kapokea 3,000, na mkataba unasema "ya mapokezi", basi ni 300 zako. Na anayekuambia uchangie gharama za uchapaji, huyo ni mchapaji kavaa koti la mchapishaji. Hakuna ubaya kumlipa mchapaji, ila ujue nakala ni zako na kuzitembeza ni kazi yako.

Mkilifi
Hapo Kalamu umenena. Mimi nilisaini bila kuuliza.

MamaZuhura
Asanteni sana. Nitasubiri tangazo la tuzo, ikipita bila mimi nitaandika Dar. Nairobi nimeiacha kwanza, sitaki kugombana na penseli.

Jana usiku nimekunja karatasi sita, zimetoa kurasa 24. Nikagundua beberu nimemweka ukurasa wa 9, upande wa kulia, wakati bibi yuko ukurasa wa 8 bado anasubiri. Mtoto atamwona mnyama kabla hajasoma neno. Nimemhamishia ukurasa wa 10, mpaka ufunue. Sasa nina ukurasa mzima wa 9 mtupu, na jambo pekee la kuweka hapo ni kamba.