V8 ya alumini nyepesi kuliko silinda sita ya Datsun 240Z? Tubishane, ila mje na mizani

ZEDI WA ARUSHA (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina Datsun 240Z ya 1972 niliyorithi kwa mjomba. Bodi iko salama, injini ndiyo imechoka: asubuhi moshi wa bluu, oili inaliwa kama karanga. Wapo wanaonishauri nisihangaike kuifufua L24 (ndilo jina la injini yake ya silinda sita), niitoe, niweke V8 ya lita 3.5 iliyotolewa kwenye Range Rover ya zamani. Ipo gereji ya jirani, imefunikwa turubai, na bei si mbaya.

Hoja yao ni moja na wanaitamka kwa uhakika wa mahubiri: "V8 ile ni ya alumini, ina kilo 144. Yako ina bloku ya chuma, inazidi mia mbili. Ukiibadilisha pua inakuwa nyepesi na gari linakata kona vizuri zaidi."

Mimi nakataa. Gari naipenda, sifichi, ila ninachokikataa hapa ni hiyo 144.

Namba hiyo si ya Range Rover. Ni ya Buick ya Marekani, V8 ndogo iliyoingia kwenye magari ya 1961, ratili 318 (ndizo hizo kilo 144) ikiwa kavu, bila oili wala maji. General Motors, wenye Buick, waliiacha 1963 kwa sababu kuimimina kulikuwa ghali na kwenye upoozaji ilisumbua, Rover wakanunua haki zake 1965. Lakini Rover hawakuimimina kama Wamarekani. Walitumia kalibu za mchanga, na mikono ya chuma ya silinda (slivu, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) wakaishindilia baadaye badala ya kuimiminia ndani ya bloku. Injini ikanenepa. Sasa mtu anachukua uzito wa binti wa miaka 18 anaubandika kwa mama wa watoto watatu, kisa ni ukoo mmoja.

La pili ni nini kilikuwa kwenye mizani. Wiki iliyopita nilishusha L24 kwa cheni bloku, nikaipakia kwenye kirikuu hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani kubwa ya kuning'iniza. Mara ya kwanza tuliipima kama ilivyotoka garini: stata, alteneta, flaiwili na klachi, manifodi zote, kabureta mbili, feni, oili ikiwa ndani. Tukaishusha, tukaivua vyote hivyo juu ya gunia, tukamwaga oili, tukaipandisha tena. Mshale ulirudi nyuma kilo hamsini na ushee. Injini ile ile, mchana ule ule, bloku na hedi hazijaguswa. Kijana wa mizani akaniuliza, "Mzee, sasa tuandike ipi?"

Ndilo swali langu kwenu. Tuandike ipi?

MWANA WA ROVER, NAIROBI

Mzee wangu, umeongea vizuri ila umechagua ushahidi unaokufurahisha. Mimi nakuletea kesi ambayo kiwanda chenyewe kiliiamua, kwenye gari moja, kwa injini tatu.

MGB ilizaliwa 1962 na silinda nne ya chuma, lita 1.8. Mwaka 1967 wakataka nguvu, wakaingiza silinda sita ya chuma ya lita 2.9, wakaiita MGC. Injini ile ilizidi ile ya nne kwa takribani kilo 95. Ilibidi boneti ipate nundu, saspensheni ya mbele wabuni upya, magurudumu wayakuze. Wanahabari wa magari waliichinja: pua nzito, usukani unavutana na wewe, kona inafunguka. Ikafa 1969.

Baadaye Ken Costello, fundi wa binafsi kule Uingereza, akaanza kuingiza V8 ya Rover kwenye MGB. Kiwanda kilipoona inawezekana kikatoa MGB GT V8 yake, 1973 hadi 1976, gari 2,591. Lita 3.5, na pua haikuzidiwa, kwa sababu V8 ile ilikuwa uzito uleule wa silinda NNE ya chuma, na wengine wanasema ilikuwa chini yake. Silinda nane, mzee!

Kwa hiyo hata ukiivisha V8 stata, alteneta na kanzu ya Idi, bado iko chini ya sita ya chuma. Za kwako hamsini na ushee zipo pande zote mbili. Ukivua huku, vua na kule.

KONDA MSTAAFU

Yaani mtoe injini iliyowapa madereva Herrmann ushindi wa mbio za Safari Rally 1971 na Mehta 1973, muweke ya gari la mkurugenzi wa mkoa. Sawa. Mimi nimekaa pale nasubiri soda.

FUNDI MAKADARA, MOMBASA

Nimefanya kazi hii tangu kabureta zikiitwa kabureta. Nyote wawili mnapima kitu kisichoendesha gari. Gari halijui kilo za injini, linajua kilo ziko WAPI.

Tazameni Porsche 911. Injini yake ya silinda sita imelala, nyepesi, lakini imening'inia nyuma ya ekseli. Zile za mwanzo zilikuwa na tabia ya kukurushia mkia kwenye kona ukiachia mafuta ghafla. Kiwanda kilifanya nini? Kwenye baadhi ya gari kiliweka vipande vya chuma ndani ya bampa la mbele, kilo 11 kila pembe. Fikirini: wahandisi wanaohangaika kupunguza gramu wanaongeza kilo 22 za bure puani. Kisha bloku ya alumini ikabadilishwa kuwa ya magnesiamu, ili mkia upungue. Modeli ya 1969 ikasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 kwenda nyuma, injini ikabaki pale pale, na betri mbili ndogo zikaenda pembe za mbele. Hakuna hata moja kati ya hayo utakayoiona kwenye jedwali la uzito wa injini.

(Na hata hivyo Safari ya ubingwa wa dunia hawakuishinda. 1974 wa pili, 1978 wa pili. Naweka hili kwa faida ya jirani yangu mmoja mwenye 911 asiyenyamaza.)

Sasa Z. Waliolichora gari hilo waliiweka silinda sita ile ndefu nyuma sana, karibu mapajani mwa dereva. Fungua boneti utaona nafasi kati ya redieta na bampa, paka anaweza kuzaa humo. V8 ni fupi, hivyo unaweza kuirudisha nyuma zaidi, hapo mwana wa Rover ana pointi ambayo hata yeye hakuisema. Lakini ni pana. Manifodi za eksozi zitatafuta njia na mhimili wa usukani uko upande mmoja. Fundi mvivu ataisogeza mbele sentimita kadhaa ili apate nafasi ya spana, na hapo umepoteza kila ulichonunua kwa alumini.

Halafu acheni hii hesabu ya "alumini ni theluthi ya chuma". Ukipima kipande kwa kipande ni kweli: sentimita moja ya ujazo ya chuma cha kumimina ni gramu 7 na kitu, alumini 2.7, magnesiamu 1.7. Lakini bloku ya alumini kuta zake lazima ziwe nene zaidi, ina mikono ya chuma ndani, na kranki, kamshafti, konrodi na flaiwili bado ni chuma na pua ile ile. Jaguar walipoingiza V12 ya alumini ya lita 5.3 kwenye E-Type mwaka 1971, ilizidi silinda sita yao ya bloku ya chuma kwa takribani kilo 36. Silinda mara mbili kwa kilo 36 ni kazi nzuri mno. Ila nyepesi haikuwa.

DADA WA HESABU

Naomba niulize la kijinga. Mnabebeshana kilo ili mpate nini? L24 ilitangazwa nguvu farasi 151. V8 ya Range Rover za mwanzo ilikuwa kama 135. Zedi atakata mabano ya chasi, atatengeneza vishikio vipya, atashona eksozi, ili apoteze farasi 16?

Najua mtasema 151 ile ni ya kipimo cha zamani cha Marekani, injini mezani bila feni wala eksozi kamili. Haswa. Mbinu ni ile ile ya kilo 144: vua kila kitu, pima, tangaza. Watu walewale wanaolalamika kwamba injini imepimwa uchi, mbona hawadai nguvu zipimwe injini ikiwa imevaa?

Na giaboksi? Ile ya Range Rover ya zamani imeungana na boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma, dude zima la chuma na gia. Haiingii kwenye Z. Atatafuta nyingine, na shafti mpya, labda na difu. Iandikeni kwenye mizani hiyo.

MWANA WA ROVER, NAIROBI

Dada, giaboksi nakupa. Kuna ya gia tano kutoka kwenye saluni za Rover inakubali, lakini kuipata huku ni safari. Farasi sikupi: V8 inavuta kutoka chini, torki yake huku kwetu kwenye mlima ndiyo mambo. Kabureta na kamshafti tofauti, farasi zinakuja.

Fundi, umenishika kwenye usukani. Lakini sijasikia mtu akisema V8 ni NZITO kuliko L24. Mmezunguka Ujerumani, Uingereza, mpaka kwa paka aliyezaa, na hiyo namba hamjaileta.

ZEDI WA ARUSHA

Ni kweli, sijaileta, na siwezi kuileta maana ile ya jirani haijapimwa. Nadhani itakuwa nyepesi. Nimeshasema, ugomvi wangu haukuwa hapo. Ugomvi ni kwamba mtu anataka nikate chasi ya mjomba kwa namba ya gari la Marekani lililokufa 1963.

Tumeongea na mwenye gereji. Amekubali V8 ipande kirikuu ikiwa na stata, alteneta, flaiwili, klachi na manifodi, kama nilivyoipima yangu. Fundi Makadara amenipigia simu jana usiku, kasema nipime na gari zima, gurudumu kwa gurudumu, injini ikiwa ndani, tangi nusu, mimi nimekaa kwenye kiti. Nilitaka kwenda mizani ya malori, kanicheka: ile inaruka kilo ishirini kwa ishirini, utapima upepo.

Basi nimeenda soko la nafaka kuazima mizani za magunia, zile za sahani. L24 inarudi garini Alhamisi. Nimepata tatu, mpemba mmoja wa mchele kakataa ya nne, anasema gari si gunia. Mwenye mizani ya kilo 500 aje nayo Jumamosi asubuhi. Chai ipo, na Konda soda yake ipo.