Mzazi akisema "matibabu basi, nirudisheni nyumbani": tupeane uzoefu

Kifungua_Mimba
Wakuu, leo nimefungua droo nikakutana na bomba la sindano, lile lisilo na ncha, tulilokuwa tukimpimia baba mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Bado lina mstari wa kalamu niliouchora mwenyewe kwenye mililita 5, maana usiku macho yalikuwa yakinidanganya. Nimekaa sakafuni nikalia.

Baba alipomaliza kemo (dawa za saratani) ya nne alituita watoto wote. Akasema, "Nimepambana vya kutosha. Siku zilizobaki nazitaka pamoja nanyi." Tukahamia tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso na si ya kumponya, nesi akawa anakuja nyumbani. Mpaka leo kuna ndugu hawanisemeshi, eti nilimwachia mzee afe. Mliopitia hili, mlisimama vipi?

Bado_Nipo
Pole sana mkuu. Mama yangu naye hivyohivyo. Halizoeleki.

Mtetezi
Samahanini, nitasema ninachoamini. Mofini ndiyo inayowamaliza. Shangazi yangu alianzishiwa, wiki haikuisha. Mzazi akikata tamaa, wewe mtoto usikate.

Nesi_wa_Usiku
Mtetezi, hapana. Mofini ikianzishwa kwa kipimo sahihi na kupandishwa taratibu haimuui mgonjwa. Wengi huanzishiwa wakiwa ukingoni, ndiyo maana dawa na kifo vinaonekana kufuatana. Ile ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, usisubiri mpaka alie. Na inafunga choo! Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Nimeona wagonjwa wakiteswa na tumbo kuliko saratani yenyewe, na nyumba nzima haijui.

Mtetezi
Hayo ya darasani. Mimi nilikuwepo.

Nesi_wa_Usiku
Na mimi nilikuwepo, pembeni ya vitanda vingi.

Kitinda_Mimba
Acheni kubishana, naombeni niseme langu, sijawahi kumwambia mtu.

Mama alitukataza kumrudisha hospitali. Alitushika mikono mmoja mmoja, kila mtu akaahidi. Usiku ule nilikuwa naye peke yangu. Saa nane hivi pumzi ikabadilika. Anavuta haraka haraka, halafu kimya. Nahesabu mpaka 20, anavuta tena. Kooni kunakoroma kama maji yanayochemka. Nikajua anakabwa. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likaja, tukaondoka naye.

Kule wakamvisha barakoa ya oksijeni, wakamtafuta mshipa mara tatu. Mama, ambaye wiki nzima hakuweza kushika kikombe, aliinua mkono akaivua ile barakoa. Akanitazama. Akasema, "Uliniahidi."

Kulipokucha tukamrudisha. Mpira wa barakoa ulikuwa umemchora mstari shavuni, na tulipofika nyumbani ulikuwa bado haujafutika. Nilikaa nikiusugua kwa kidole gumba kana kwamba ungetoka. Aliishi siku mbili zaidi, hakusema neno jingine.

Baadaye nesi akanieleza kwamba pumzi ya kukatika vile ni ya kawaida mtu anapokaribia, na mkoromo ni mate na makohozi asiyoweza tena kuyameza. Unamgeuza ubavu. Basi. Kwa nini hakuna aliyeniambia kabla?

Bado_Nipo
Nimesoma mara mbili. Sina la kusema.

Kifungua_Mimba
Kitinda, uliogopa kwa sababu unampenda. Mama alikujua.

Wa_Kati
Ndiyo maana sisi tulibandika namba ya nesi ukutani, kwa maandishi makubwa. Yeyote akishtuka usiku anaanza na hiyo. Na ndugu wa mbali waiteni mapema wasikie kwa mzazi mwenyewe. Anayefika siku ya mwisho ndiye hupiga kelele kuliko wote.
Chakula msimlazimishe. Mwili unafika mahali hauhitaji. Lowesheni midomo tu.

Dada_Mkubwa
Mimi nilimlisha baba kijiko kimoja kimoja mpaka mwisho, na sijuti.

Nesi_wa_Usiku
Kama anataka na anameza, mpe. Akipaliwa, acha.

Msomaji
Wanaosema tiba shufaa ni kukata tamaa: kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema, nusu yao walivuka miezi 11.6, wasiopewa, miezi 8.9. Nikiri kwamba hao hawakuacha matibabu mengine, kwa hiyo si sawasawa na mzee wa Kifungua. Ila kutuliza maumivu hakukuwapunguzia siku.

Mtetezi
Nesi, nikuulize. Shangazi alikuwa anakoroma hivyo anavyosema Kitinda. Siku mbili.

Nesi_wa_Usiku
Alikuwa amelazwa chali?

Mtetezi
Chali. Hatukujua.

Nesi_wa_Usiku
Pole sana, ndugu yangu. Mtu akifika pale huwa amezama usingizini. Sisi tuliokaa pembeni ndio tunaousikia ule mkoromo.