Wanaofanya yoga Tanga: nini kimebadilika nje ya mkeka? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Watu wengi yoga wanaijua kwa picha za mtu aliyejikunja. Mimi nafuata mkondo wa Sivananda, aliyekuwa daktari kule Malaya kabla ya kuwa mtawa Rishikesh, India. Mwanafunzi wake Vishnudevananda aliyafupisha mafunzo hayo kuwa mambo matano: mazoezi, pumzi, kupumzika, chakula cha mimea, na fikra njema pamoja na tafakuri. Mikao ya mwili ni jambo moja tu kati ya hayo. Manne yaliyobaki unatembea nayo kutwa nzima.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kazi ya kusimama na kuongea. Baada ya swala ya alfajiri natandika mkeka, nafanya salamu ya jua, yaani mikao kadhaa inayofuatana, kisha nalala chali mwili wote umelegea. Hapo kwenye kulegea watu hupaharakisha, na mimi naona ndipo penye faida kubwa. Kabla ya kuingia darasa lenye kelele nasimama mlangoni, natoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta. Shika mshipa wa mkono wako uone: pumzi ikitoka taratibu, mapigo nayo yanapungua kasi.

Naomba tusielezane mikao. Siku yako ya kawaida imebadilika vipi?

Fundi cherehani, Ngamiani
Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuinama. Nilichojifunza ni kupumua kwa tumbo, mabega yatulie. Nikimaliza nguo moja nasimama, nanyoosha mikono juu, napinda kulia na kushoto, ndiyo nashika nyingine. Shingo imepata nafuu. Usiku simu inabaki sebuleni.

Muuza samaki, Deep Sea
Mimi hilo la mimea tupu limenishinda kulikubali, niseme wazi. Bada bila samaki, kwa mtu wa Tanga? Siku za kunde, mchicha na kisamvu zimeongezeka nyumbani, na chakula cha usiku tunakula mapema, lakini samaki nakula na ndiyo riziki yangu.

Kilichonigusa ni kingine. Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga kule India, ana hatua nane, na mikao ni ya tatu! Ya kwanza ni namna ya kuishi na watu: usidhuru, sema kweli, usiibe, jizuie, usiwe na tamaa ya kulimbikiza. Ya pili ni nidhamu yako mwenyewe, usafi na kuridhika vikiwemo. Sasa mimi nina mizani mkononi kila siku. Vibua wa jana nawaambia wateja ni wa jana, na bei nashusha. Mama ntilie mmoja alishangaa, siku hizi ananunua kwangu bila kufunua mashavu ya samaki. Jioni sina hesabu ya uongo ninayoikumbuka kitandani, nalala. Kwangu hiyo ni yoga kamili, hata siku ambayo sijagusa mkeka.

Bi mkubwa, Raskazone
Wanangu, mnaoniuliza kuhusu dini nawajibu hapa. Mikao na pumzi nafanya. Ile sauti ya Om na nyimbo za sifa siimbi, hizo ni ibada ya Wahindu na wao wanaziheshimu, nami nina ibada yangu. Wakati wa tafakuri navuta tasbihi. Aliyenifundisha hakuona ubaya wowote.

Dereva bodaboda, Makorora
Mwalimu, nina presha. Naweza kusimama kwa kichwa kama wale wa kwenye video?

Mwanzisha mada
Hapana, ndugu yangu, usijaribu. Mwenye presha ya juu au glakoma (presha ya macho) mikao ya kichwa chini haimfai. Usibane pumzi pia, iache iingie na kutoka yenyewe. Kulala chali na kupumua taratibu kunakutosha kuanzia, na ukienda kliniki mweleze daktari unachofanya. Dawa usiache hata siku moja.

Fundi, nakubaliana na wewe kuhusu simu. Muuza samaki, nitakuja Deep Sea Jumamosi.

Bado sijasikia kina mama waliofanya wakiwa wajawazito. Mikao gani mliacha, na nani aliwaongoza?