Ukoo Wetu Pangani

Zuhura: Shikamooni wote. Jana nilikwenda Muroji, hekalu la Kibudha milimani huku Nara, Japani. Treni mpaka Muroguchi-Ono, halafu basi kama dakika 15, njia nzima mto na misitu.

Zuhura: 📷 Picha 4

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Pazuri mno! Hicho chenye mapaa matano ni nini?

Zuhura: Pagoda, shangazi, mnara wa hekalu. Kimo chake mita 16 tu. Ina umri wa miaka 1,200 hivi.

Shangazi Mwanaidi: Na wanawake mnaingia?

Zuhura: Tena hiyo ndiyo sifa yake. Mlima Koya, makao ya Shingon, madhehebu ya Kibudha, wanawake walikatazwa kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipofuta katazo mwaka 1872. Muroji iliwapokea. Ndiyo maana inaitwa Nyonin Koya, Koya ya wanawake.

Shangazi Mwanaidi: Na milima yote hiyo kwa miguu, wakasali! Wamenigusa.

Mjomba Salehe: Zuhura, paa hilo ni makuti?

Zuhura: Magome ya mti, mjomba. Mti wenyewe hinoki. Wanayabandua ukiwa hai, hawaukati. Ikipita miaka kama 10 wanabandua tena.

Mjomba Salehe: Yanafungwa kwa kamba?

Zuhura: Yanapigiliwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa kama misumari. Fundi anavijaza mdomoni, anavitoa kimoja kimoja kwa ulimi huku mkono unagonga.

Mjomba Salehe: Marehemu baba naye alikuwa akishika kamba kwa meno akiwa juu. Linadumu?

Zuhura: Miaka 30 na zaidi.

Mjomba Salehe: Mashallah. Makuti yangu yakifika saba nashukuru.

Zuhura: Mwaka 1998 kimbunga kiliangusha mwerezi mkubwa juu ya pagoda, mapaa yote matano yakavunjika upande mmoja. Kufikia 2000 mafundi walikuwa wamemaliza kuitengeneza. Nilizunguka nikitafuta kovu, sikuliona.

Mjomba Salehe: Haikuanguka?

Zuhura: Haikuanguka.

Mjomba Salehe: Basi waliosimamisha nguzo zile walikuwa mafundi. Huna picha ya ukingo, pale paa linapoishia?

Zuhura: 📷 Picha

Zuhura: Nilijiinamia chini ya ukumbi mmoja nikaipiga. Unene kama godoro, tabaka juu ya tabaka, na ukingo umekatwa sawasawa kama kurasa za kitabu.

Mjomba Salehe: Naikuza hapa. Hakuna hata gome moja lililochomoza. Nawaita vijana wangu waje waone.