Kutoka jeshini hadi kuchora skrini: miaka ile niitaje au niifiche?

Kombati_Kabatini
Wakuu, salaam. Jeshini nilikuwa mtu wa mawasiliano, mkataba ukaisha. Baada ya hapo nikalinda geti, nikaingia kwenye uchapaji wa mabango, nikahamia nembo na kadi, na sasa nachora skrini za programu za simu kwa Figma, programu ya kudizaini kwenye kompyuta. Wasifu wangu ukiusoma utadhani ni wa watu wanne. Rafiki ananishauri nifute jeshi, nianzie kwenye mabango. Mnaonaje?

Fundi_Skrini
Usifute! Mimi nilikuwa fundi wa ndege huko huko, nikapitia michoro ya mitambo, leo tuko chama kimoja.

Fani hii yenyewe ina damu ya jeshi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa B-17 wa Marekani walikuwa wanatua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa bado inakimbia chini. Ndege inalala tumbo, lawama kwa rubani. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia aliyekuwa jeshini, akaenda kutazama chumba cha rubani: swichi ya magurudumu na ya flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zimekaa jirani na zinafanana. Dawa yake ilikuwa rahisi mno. Moja ikapewa kichwa cha umbo la gurudumu, nyingine umbo la kabari, mkono utambue bila macho. Leo tunagombana kuhusu kitufe cha "Futa" kukaa ubavuni mwa "Hifadhi", ugomvi ni ule ule.

Sasa wewe. Usiandike "nidhamu na uongozi", kila aliyevua kombati anaandika hivyo. Naapa ulishawahi kubandika kikaratasi juu ya redio: masafa ya mchana, masafa ya usiku, nani anaitwa nani. Na hukutumia wino mwekundu, kwa sababu chini ya tochi nyekundu unapotea. Hapo ulikuwa unamfikiria mtu mwenye usingizi saa tisa usiku. Kichore upya, eleza kwa nini ulikipanga vile, kiwe kazi ya kwanza anayoiona mwajiri.

Mama_Pikseli
Naongoza timu ya dizaini, wasifu hizi napokea mimi. Cheo hakinisaidii, sijui koplo anashinda akifanya nini. Kikaratasi ningekisoma hadi mwisho. Geti mpe mstari mmoja. Mabango usiyapite haraka: aliyezoea maandishi ya kusomwa na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda haniletei kijivu juu ya nyeupe.

Ila nina dukuduku. Niliwahi kufanya kazi na mwanajeshi wa zamani, kazi zake safi kabisa. Ukimwambia "hii haieleweki", anajibu "sawa", anabadilisha papo hapo. Mimi nilitaka abishe! Kwenye usaili nitakuuliza ni lini ulimkatalia mteja.

Kombati_Kabatini
Kumkatalia mteja, hiyo ninayo. Mwenye bango alitaka namba sita za simu, nikambakizia moja. Na kikaratasi kilikuwepo kweli, nyuma yake hatua za kufuata redio ikinyamaza. Masafa je, nayaweka?

Fundi_Skrini
Ya kubuni, na uandike wazi kwamba ni ya kubuni. Jina la kikosi toa. Upande wa nyuma ndio uanze nao.