Mbunge wetu tumemchoka, tunamng'oaje? Naombeni ushauri

Katibu_wa_Chama
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama cha kukopeshana, hapa Kenya, tuko 43. Mbunge wetu tulimpa kura 2022 kwa sababu ya kisima cha shule. Kikachimbwa kweli, lakini mashine ya kuvuta maji haijaletwa hadi leo. Kimefunikwa kwa bati lililowekewa jiwe juu, na watoto bado wanabeba vidumu kutoka nyumbani. Tarehe 25 Juni 2024 alikuwa mmoja wa wabunge 195 waliopitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Siku hiyo kijana wangu alikuwa barabarani na wenzake wakiupinga, simu yake haikushika mpaka saa nne usiku. Sasa mheshimiwa ameanza kuonekana matangani. Sitaki kungoja 10 Agosti 2027. Nifanyeje? Silali.

Wakili_Mtaani
Dada, pole. Ibara ya 104 ya Katiba inatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kwisha. Lakini baadhi ya vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vinavyoeleza njia yenyewe viliangushwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, na hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa hivyo. Tafuteni mgombea wenu. Mgombea huru wa ubunge anahitaji wapiga kura 1,000 wa eneo bunge wamuunge mkono, na asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Mzee_wa_Wadi
Mimi 2013 niliuza mbuzi wawili kuwapikia wageni wa mgombea. Alipopita nikaenda ofisini kwake na barua ya mtoto. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unaitwa nani?" Nilikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Kipanga
Akipanda jukwaani mpeni maji ya kidumu anywe. Mwambieni yametoka kwenye kisima chake 😂

Mwalimu_Mstaafu
Mama, umesema ameanza kuonekana. Kwenu amefika? Aliacha nini?

Katibu_wa_Chama
Mwalimu, hilo si swali langu. Nimeuliza tunamng'oaje.

Mwalimu_Mstaafu
Ndiyo maana nauliza, mama.

Katibu_wa_Chama
Alimtuma mtu. Alileta shilingi 60,000 na daftari. Niliandika majina yote 43, nambari za vitambulisho, na wenzangu wakatia sahihi. Niliwaambia ni orodha ya basari, msaada wa karo ya watoto. Pesa tumeshakopeshana, kuna aliyelipia ada, kuna aliyeongeza mtaji wa mboga. Lakini hiyo ni kodi yetu imerudi! Na kura ni siri. Tutakula zake na tutamwangusha. Kosa langu liko wapi?

Binti_wa_Mchungaji
Liko kwenye hilo neno basari. Mkono uliopokea hauwezi kunyoosha kidole. Tubu, mama yangu.

Wakili_Mtaani
Kumbe. Sikiliza, dada: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika mtoaji hongo na mpokeaji pia, faini hadi shilingi milioni 2 au kifungo hadi miaka 6. Lakini mimi linalonitisha ni daftari. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipokagua kumbukumbu za Msajili wa Vyama vya Siasa walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Kila mmoja wenu aingie eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ajiangalie, na akijikuta ndani ajiondoe. Kama mmoja wa hao 43 ndiye mngemsimamisha awe mgombea huru, mlango unaweza kuwa umeshafungwa na sahihi yake mwenyewe.

Macho_Kodo
Huu uzi nauona wa kutungwa. Akaunti ina siku tisa. Mama wa chama anajua hesabu ya kura bungeni, lakini hajui daftari ni la nini? Hii ni kazi ya kambi ya mpinzani.

Kipanga
Ata mimi nilishangaa hiyo 195.

Mzee_wa_Wadi
Hesabu ile kila mzazi aliyekuwa na kijana barabarani anaijua. Mwacheni.

Katibu_wa_Chama
Macho_Kodo, kalamu ya yule mtu iliisha wino kwenye jina la 17. Kuanzia la 18 tumeandika kwa kalamu nyekundu ya binti yangu, yeye ni mwalimu, ndiyo anayosahihishia vitabu. La mwisho ni alama ya kidole gumba, la bibi asiyejua kuandika. Aliniuliza, "Mwanangu, hii ni ya nini?" Ningetunga, ningejitungia kitu cha aibu hivi?

Macho_Kodo
Hata muongo anajua rangi ya wino.

Mwalimu_Mstaafu
Mimi namwamini. Mama, mnakutana lini?

Katibu_wa_Chama
Jumamosi. Nimeshaamua: nitawaambia wote wajiangalie eCitizen. Habari ya daftari sitaitaja, chama kitavunjika na mikopo haitarudi.

Mwalimu_Mstaafu
Wangapi wana simu ya intaneti?

Katibu_wa_Chama
17.

Mwalimu_Mstaafu
Na hao 26?

Katibu_wa_Chama
Nitawaangalizia kwa simu yangu. Itabidi niwaombe vitambulisho tena.