Kura ya maoni ya Katiba Aprili 30, 2015, mwenzenu bado sijajua niende upande gani

MuuzaViazi_Uyole
Wakuu habari za humu. Mimi nauza viazi hapa Uyole na kusema ukweli hii Katiba Inayopendekezwa imenishinda. Juzi wamekuja watu wa NDIYO, wanasema wakulima tumewekwa humo kabisa, akina mama bungeni nusu kwa nusu, nikasema basi hapo sawa. Jumapili kanisani tunasomewa tamko la maaskofu, tupige HAPANA. Nyumbani shemeji yangu Ukawa damu, ule umoja wa vyama vya upinzani, anasema hata kituoni usikanyage, susia. Nikimuuliza yeyote kati yao, wewe umeisoma? anaanza kunihutubia. Mtaani kwetu nakala nimeiona moja tu, iko kwa mtendaji kabatini kama hati ya kiwanja. Sasa mtu kama mimi naamuaje?

Mlandege_mjini
Kamwene mkuu. Usiangalie kilichomo, angalia kilichotolewa. Rasimu ya kwanza, ya Tume ya Mzee Warioba iliyokusanya maoni ya wananchi, ilikuwa na wananchi kumng'oa mbunge kabla ya miaka mitano, ubunge mwisho vipindi vitatu, waziri asiwe mbunge. Imefika Dodoma kwenye Bunge la Katiba vyote vikayeyuka, na mle ndani wabunge ndo walikuwa wamejaa, yaani fisi kapewa bucha. Serikali tatu, ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar, ndo hata usiniulize. Mimi HAPANA mchana kweupe.

MamaTukuyu
Kaomba msaada wewe unampigia kampeni 😂 ndo hayo hayo anayoyakimbia.
Mdogo wangu, mimi nimeisoma, sio yote lakini. Ya wakulima na wafugaji ipo kweli, wala hawajakudanganya. Ila kuandikwa ni kitu kimoja na kupata ni kingine, sisi huku tulishasaini vocha za mbolea ambayo hatukuiona hata mfuko, ndo maana mtu akija na gari la spika mimi nafunga dirisha. Kamuombe mtendaji hiyo nakala, usianze mwanzo utasinzia, anza na ardhi halafu madaraka ya rais.
Na mwambie shemeji, zinazohesabiwa ni kura zilizopigwa. Inatakiwa NDIYO ipite nusu Bara na ipite nusu Zanzibar pia. Ukisusia ukalala nyumbani hujawa HAPANA, umelala tu.

Kijana_Makambako
Nyie mnagombania ndiyo na hapana, daftari la wapiga kura je? BVR, zile mashine za kuandikisha kwa alama za vidole, imeanzia hapa kwetu Februari na foleni tumeiona, bibi yangu vidole vimeota sugu za jembe mashine ikagoma kabisa kuvisoma, kapanguswa weee mpaka kakasirika. Huko Mbeya hata hawajafika. Nchi nzima itaisha lini kabla ya Aprili 30?

MuuzaViazi_Uyole
Ndaga fijo mama. Nimeenda kwa mtendaji kaniuliza niko chama gani ndo anipe kitabu. Nikamwambia nauza viazi. Kanipa siku tatu.

MuuzaViazi_Uyole
Wakuu nimerudi, leo Aprili 2 redio inasema Tume ya Uchaguzi imeahirisha kura mpaka uandikishaji uishe, tarehe mpya hawajataja. Makambako ulisema. Kitabu bado ninacho, siku tatu zilishapita zamani, ya ardhi nimemaliza na nimeikubali, ya rais nimeisoma mara mbili sijaipenda. Karatasi itakuwa na ndiyo au hapana tu, sasa hapo nusu yangu naiweka wapi? Mtendaji naye hajakiulizia, nadhani hajui kama kimetoka kabatini.